Alifungwa na Stalin, akatuzwa na Stalin: Askofu Luka alikuwa mtu wao?

Swali: Mimi ni muuguzi, naishi Nyeri. Kanisani kwetu, Orthodoksi, kuna ikona ya askofu mwenye ndevu nyeupe, na mbele yake kuna vifaa vya upasuaji. Padre alitueleza kwamba ni Mtakatifu Luka wa Krimea, daktari aliyeteswa na Wakomunisti kwa miaka 11. Kaka yangu amesoma kwamba mtu huyohuyo alipewa Tuzo ya Stalin. Anasema serikali haikufungi leo ikakutuza kesho bure. Lazima aliwauza wenzake. Ukweli ni upi? Na ni kweli alikuwa akiwachora wagonjwa msalaba kabla ya kuwapasua?

Jibu: Dada, kuhusu tuzo kaka yako amesema kweli. Valentin Voyno-Yasenetsky, ambaye jina lake la utawa ni Luka, alipewa Tuzo ya Stalin ya daraja la kwanza mwanzoni mwa mwaka 1946. Alipoteleza ni kudhani kwamba yalikuwa malipo ya usaliti. Serikali ya Kisovieti ilimtaka mpasuaji na ilimchukia padre, na wote wawili walikuwa ndani ya kanzu moja. Kwa zaidi ya miaka 20 ilijaribu kuwatenganisha. Kuna wakati ilikaribia kufaulu, na wakati huo nitaueleza bila kuuficha, maana mahubiri huupita haraka.

Kwanza, asidhaniwe kuwa alikuwa kibaraka wa mfalme aliyekuja kugeuza kanzu. Alizaliwa Kerch, kwenye rasi ya Krimea, mwaka 1877. Kipaji chake kilikuwa uchoraji, ila aliona haki yake si kufanya anachokipenda bali kinachowafaa wanaoteseka, akasomea udaktari Kiev. Alipohitimu mwaka 1903 wenzake walimtarajia abaki chuoni awe profesa. Yeye akasema anataka kuwa daktari wa wakulima, na baada ya kutumikia vita vya Urusi na Japani huko Chita, ndivyo alivyofanya, akihama kutoka hospitali moja ya wilaya hadi nyingine.

Huko Fatezh, mji mdogo wa Urusi, alimfungua macho ombaomba kijana aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Kijana yule akazunguka vijijini akakusanya vipofu wengine, wakaja hospitalini wameongozana mstari mmoja, kila mmoja ameshika fimbo ya mwenzake. Hospitali hiyohiyo ikamfukuza kazi. Mkuu wa polisi wa wilaya aliugua akaagiza daktari aje mara moja, na daktari akakataa kumwacha mgonjwa mahututi. Enzi za mfalme hizo, Wabolsheviki, yaani Wakomunisti, bado hawajashika kitu. Tabia ya kutoinuka kwa sababu mkubwa ameita alikuwa nayo mapema.

Wewe kama muuguzi utaipenda sehemu hii. Katika hospitali hizo ndogo aligundua kwamba usingizi wa klorofomu au eta, ukitolewa na mtu asiyefundishwa vizuri, ulikuwa hatari kuliko kisu chenyewe. Akaanza kutafuta kwenye maiti njia za neva, apate kumtia mgonjwa ganzi ya sehemu tu bila kumlaza usingizi. Kitabu chake kuhusu ganzi hiyo kilitoka mwaka 1915 na mwaka uliofuata kikampa shahada ya udaktari wa juu. Mwaka 1917 akahamia Tashkent, leo mji mkuu wa Uzbekistan, awe mganga mkuu wa hospitali ya mji. Sababu mojawapo ilikuwa mkewe Anna, ambaye mapafu yake yalikuwa na kifua kikuu. Walitumaini jua la Asia ya Kati lingemsaidia.

Halikumsaidia. Januari 1919 kulikuwa na uasi mjini, ukazimwa kwa risasi. Mhudumu wa chumba cha maiti, mlevi ambaye daktari alikuwa amemkaripia, akamshtaki kwamba anawaficha maadui. Akapelekwa kwenye karakana za reli, mahali ambapo watu walihukumiwa kwa dakika chache na kupigwa risasi, akangoja siku nzima mpaka mkubwa mmoja wa chama akamtambua na kumwachia. Anna hakupona mshtuko ule. Alikufa Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 38, akaacha watoto wanne. Mume alikesha usiku mbili akimsomea Zaburi, na alipofika kwenye mstari unaosema Mungu humfanya mwanamke tasa kuwa mama mwenye furaha, akamkumbuka muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, Sofia Beletskaya, mjane asiye na mtoto. Alimwomba awalee watoto, naye akakubali. Mama huyo ndiye aliyewashika watoto wanne miaka yote ambayo baba alikuwa gerezani, wakati mtoto wa padre alihesabiwa mtoto wa adui, na mgao wa chakula ulikuwa wa kubahatisha. Hana ikona, nami huona ni upungufu.

Upadre ulikuja Februari 1921. Fikiria wakati wenyewe: mapadre walikuwa wamenyimwa haki ya kupiga kura, wanakamatwa ovyo, na wengi walikuwa wanavua kanzu wapate kuishi. Profesa wa upasuaji akaivaa. Askofu Innokenty wa Tashkent alimwambia baada ya kikao kimoja cha kanisa kwamba anapaswa kuwa padre, akakubali papo hapo. Tangu siku hiyo aliingia darasani na wodini na kanzu na msalaba kifuani, akafundisha anatomia hivyohivyo.

Na hapo nijibu swali lako la pili. Ndiyo, alichora msalaba. Aliomba mbele ya ikona ya Mama wa Mungu iliyokuwa chumba cha upasuaji, kisha kwa pamba yenye iodini akamchora mgonjwa msalaba mahali atakapopasua, halafu ndipo akachukua kisu. Wagonjwa wengi wa Tashkent walikuwa Waislamu. Inasimuliwa kwamba Mtatari mmoja aliuliza kwa nini anachorwa msalaba yeye ambaye si Mkristo, akajibiwa kwamba dini ni nyingi lakini Mungu ni mmoja. Kabla hata ya upadre, wakaguzi waliwahi kuiondoa ile ikona. Akavua koti la kazi akaenda nyumbani, akasema harudi mpaka irudi. Baada ya muda mke wa mkubwa mmoja wa chama akahitaji upasuaji, naye hakutaka daktari mwingine. Ikona ikarudi ukutani.

Kesi ya mwaka 1921 ndiyo iliyomjulisha kwa watu wa usalama. Askari Wekundu majeruhi kutoka Bukhara walifikishwa hospitalini wakiwa na bandeji chafu, chini yake wakakutwa funza. Mkuu wa polisi wa siri, Jēkabs Peters, akadai madaktari wamehujumu, akataka wauawe. Padre profesa aliitwa kama mtaalamu. Akaeleza kwa utulivu kwamba funza hawaharibu kidonda, bali hula nyama iliyooza wakaacha nzima, jambo ambalo leo linafahamika vizuri. Waliokuwepo wamesimulia kwamba Peters alimuuliza anawezaje kusali usiku na kuwachinja watu mchana. Akajibu kwamba yeye hukata watu ili wapone, je, mwendesha mashtaka huwakata kwa jina la nani? Akaulizwa tena kama amewahi kumwona huyo Mungu wake. Akasema hajamwona, lakini amefungua mafuvu mengi ya vichwa na hakuona akili humo, wala dhamiri. Ukumbi ulicheka. Madaktari walinusurika risasi.

Padre aliyefiwa na mke hawezi kuoa tena, ila anaweza kuwa askofu. Mwaka 1923 serikali ilikuwa inasaidia kundi la makasisi lililojiita Kanisa Hai, lipate kumng'oa Patriarki Tikhon, mkuu wa Kanisa la Urusi, na makanisa ya Tashkent yakabaki bila askofu mwaminifu. Andrei Ukhtomsky, askofu aliyekuwa uhamishoni, akamfanya mtawa kwa siri. Kisha akasafirishwa kimyakimya hadi Panjakent, nje ya Samarkand, ambako maaskofu wawili wengine wa uhamishoni wakamweka wakfu tarehe 31 Mei 1923. Tarehe 10 Juni alikuwa rumande. Uaskofu wa siku kumi! Humo ndani akaomba ruhusa ya kumalizia sura ya kitabu chake cha upasuaji wa usaha, akapewa, akaandikia ofisini kwa mkuu wa gereza. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika jina lake hivi: Askofu Luka, Profesa Voyno-Yasenetsky. Wachapaji wa serikali hawakutaka kuliona neno la kwanza, na kitabu kikakaa miaka kumi na moja.

Akapelekwa Siberia. Yeniseisk, kisha Turukhansk, ambako alipasua watu na kusali kanisani, na kila mgonjwa aliyeomba baraka alimbariki. Ofisa wa usalama akamwamuru aache baraka hospitalini. Luka akasema basi ofisa mwenyewe abandike tangazo mlangoni la kuwakataza wagonjwa kuomba. Adhabu ikawa kusukumwa kaskazini zaidi hadi Plakhino, kijumba hapa na kijumba pale ng'ambo ya Mzingo wa Aktiki. Madirisha hayakuwa na kioo. Watu walibandika mabamba ya barafu nje ili kuzuia upepo, na theluji iliyoingia ndani ilikaa sakafuni pembeni bila kuyeyuka. Akiwa huko, mkulima alikufa Turukhansk kwa kukosa mpasuaji. Wenyeji wakachukua mashoka na uma za kuvunia nyasi wakaivamia ofisi ya usalama. Ofisa yuleyule akalazimika kumrudisha. Zingatia hapo, maana jambo hilohilo litarudiwa kwa ukubwa mwaka 1941.

Alirudi Tashkent mwaka 1926, hospitali na chuo vikamfungia mlango, akawa anatibu nyumbani. Mei 1930 akakamatwa tena. Safari hii profesa mmoja wa fiziolojia, aliyevurugikiwa na akili baada ya kufiwa na mwanawe, alikuwa amekutwa amekufa kwa risasi. Mjane wake aliomba mazishi ya kanisa, na Luka akaandika kikaratasi kwamba marehemu alikuwa mgonjwa wa akili na amejiua, hivyo anaweza kuzikwa. Kikaratasi hicho kikageuzwa ushahidi kwamba askofu ameficha mauaji ya mwanasayansi yaliyofanywa na washupavu wa dini. Akapelekwa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi, miaka mitatu.

Sasa sehemu niliyoahidi. Wakati wa kifungo hicho aliahidiwa zaidi ya mara moja kwamba akivua daraja la kanisa atapewa idara, hata taasisi nzima ya upasuaji wa usaha. Alijibu kwamba kwa hali ilivyo hadhani anaweza kuendelea na huduma ya kanisa, lakini daraja hatavua kamwe. Jibu hilo lina mguu mmoja ndani na mmoja nje, na yeye mwenyewe alilijua. Alipoachiwa mwishoni mwa 1933 alikwenda Moscow, akakataa jimbo alilopewa na kanisa, akawa anabisha hodi wizarani kuomba taasisi yake. Hakupewa. Akafanya kazi Andijan na Tashkent, akaugua homa iliyomharibia jicho, na upasuaji haukuliokoa. Kwenye kumbukumbu alizosimulia akiwa kipofu anaiita miaka hiyo dhambi, na upofu wa jicho akauona ni jibu la Mungu. Kwangu mimi, kama kaka yako anatafuta doa, doa ni hilo: aliitamani maabara kiasi cha kuinyamazisha madhabahu kwa miaka kadhaa. Kumuuza mtu ni jambo jingine.

Kuhusu kuuza watu, mtihani ulikuja Julai 1937. Walitumia kile kilichoitwa konveya: wapelelezi wanapokezana mchana na usiku, mfungwa haruhusiwi kulala. Aliwekwa hivyo siku 13. Alianza kuona vifaranga vya manjano vikikimbia sakafuni, na kuhisi nyoka wakijinyonga mgongoni chini ya shati. Walimpeleka kwenye bomba, wakamwagia kichwa maji baridi, wakaendelea. Aligoma kula. Hatimaye alikubali kutia saini karatasi ya kujishtaki kwamba yumo kwenye kundi la kupinga mapinduzi, kisha akaikana. Wengine waliokamatwa naye walitia saini karatasi zilizomtaja yeye. Sina ujasiri wa kumhukumu yeyote kati yao.

Na hapa kuna hoja ambayo kaka yako hajaiwaza. Andrei Ukhtomsky, yule aliyempa utawa, alipigwa risasi Yaroslavl Septemba 1937. Maelfu kwa maelfu ya mapadre waliuawa mwaka huo na uliofuata, mamia yao kwenye uwanja wa Butovo nje ya Moscow, kwa makosa ya kubuni kama yake. Luka alipelekwa Bolshaya Murta, kijiji cha mkoa wa Krasnoyarsk, kwa uhamisho wa miaka mitano. Sababu ya tofauti hiyo siijui, lakini mikono ya mpasuaji ilikuwa bado inahitajika.

Vita vilipoanza Juni 1941, mfungwa huyo alimpigia telegramu Kalinin, mkuu wa dola. Akasema yeye ni bingwa wa upasuaji wa usaha, anaweza kuwasaidia askari popote atakapopangiwa, na vita vikiisha yuko tayari kurudi uhamishoni. Akatia saini: Askofu Luka. Akahamishiwa Krasnoyarsk, akafanywa mpasuaji mkuu wa hospitali ya majeruhi namba 1515 na mshauri wa hospitali za mkoa mzima, huku hati zake zikiendelea kumwita mhamishwa.

Majeruhi walifika huko baada ya safari ndefu ya treni, viungo vya nyonga na magoti vimejaa usaha, homa haishuki. Hakukuwa na penisilini kwao. Daktari wa kawaida angekata mguu au angesubiri kifo. Yeye alikuwa amejifunza kwa miaka 20 kwamba usaha hausambai ovyo: unafuata nafasi kati ya misuli na tando zake, na mwenye kuijua anatomia anajua utakapotokea na akate wapi ili ushuke wenyewe. Aliondoa sehemu ya mfupa iliyooza kwenye kiungo, hata kwa kuchelewa, mguu ukabaki. Kitabu chake kikubwa kilikuwa kimetoka mwaka 1934, bila cheo cha uaskofu. Kile cha viungo vilivyopigwa risasi kikatoka 1944. Tuzo ilitolewa kwa kazi hizo mbili.

Lakini Stalin mwenyewe alikuwa na hesabu pana. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1943 aliwaita Kremlin maaskofu wakuu watatu, akawaruhusu kumchagua patriarki. Alihitaji watu wa makanisani wapigane, na alihitaji sura nzuri mbele ya Uingereza na Marekani. Siku nne baadaye maaskofu 19 walikutana, Luka akiwa mmoja wao. Baada ya hapo askofu mwenye medali hakuwa aibu tena kwa serikali, alikuwa pambo. Naye, niseme yote, aliandika makala za kuisifu nchi na kuunga mkono hukumu dhidi ya Wanazi. Hakuwa mpinzani wa siasa, wala hakujidai kuwa. Alichokataa ni kuambiwa amkane Kristo, mengine aliyavumilia.

Alipopewa medali ya kazi wakati wa vita huko Tambov, alisema yuko tayari kuwafundisha madaktari anachokijua, na kwamba ameokoa mamia ya majeruhi, labda maelfu, na angeokoa zaidi kama wasingemkamata bila kosa na kumburuta magerezani na uhamishoni kwa miaka 11. Wakubwa walikuwa wamekaa mbele yake. Mmoja akajaribu kusema yaliyopita yasahaulike, akakataa kusahau. Katika rubli 200,000 za tuzo, 130,000 alizitoa kwa watoto waliofiwa na wazazi vitani.

Mei 1946 akahamishiwa Simferopol, Krimea. Hapo ndipo thamani ya tuzo ilipopimwa. Madaktari walimwalika awafundishe, wakubwa wakataka aje bila kanzu na msalaba. Hakuenda bila kanzu, na mihadhara ikakoma. Akatibu watu bure nyumbani, akagombana na mapadre wake wavivu (alikuwa mkali, barua zake kwao zinachoma), akapofuka kabisa katikati ya miaka ya 1950, akaendelea kuadhimisha liturujia kwa kumbukumbu wakati Khrushchev, mtawala aliyekuja baada ya Stalin, anafunga makanisa upya. Alikufa tarehe 11 Juni 1961. Serikali ilipanga jeneza lipitishwe haraka kwa magari kwenye njia za pembeni. Watu wakaziba barabara, wakalipitisha kwa miguu mtaa mkuu wa mji, zaidi ya saa tatu.

Kanisa la Ukraine lilimtangaza mtakatifu wa mahali mwaka 1995, na Moscow mwaka 2000. Ugiriki ndiko alikopendwa kupita kiasi, hata sanduku la fedha linalohifadhi masalia yake Simferopol lilitoka huko. Kanisa lenu la Kenya liko chini ya Patriarki wa Aleksandria, na vitabu na ikona nyingi huwafikia kwa njia ya Wagiriki, kwa hiyo sishangai kumkuta Nyeri. Na ukimaliza na kaka yako kuhusu Urusi, muulize kama anajua kwamba Orthodoksi ya Kenya ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau, makanisa na shule huru za Waafrika zilizoitwa Karing'a zikafungwa, na Padre Arthur Gathuna, ambaye baadaye alikuwa askofu, akawekwa kizuizini kwa miaka. Kule Nyeri hamhitaji kitabu kwa hilo. Wapo wazee parokiani waliokuwa watoto wakati huo, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.